Karatasi ya Massawe

Wivu ulinitafuna, sifichi. Massawe, tunayesali naye kanisa moja hapa Takoma Park, Marekani, alinunua bunduki ya risasi ndogo, ya kukoki kwa mkono, bei poa tu, na kanisa zima likawa linasifia shabaha yake. Mimi nikanunua ya ghali, yenye darubini kubwa.

Jumamosi tukaenda kulenga shabaha, kila mtu na karatasi yake, mke wangu akitutazama. Nilipiga risasi tano, masikio nimeziba, darubini kila mara ikinipeleka kuchungulia karatasi ya Massawe.

Tulipozifuata karatasi, yake ilikuwa na matundu matano, yote pembezoni. Nikamcheka mbele ya mke wangu: "Kaka, ndiyo bunduki yenyewe wanayoisifia?"

Massawe akanionyesha pakiti yake ya risasi, haijafunguliwa.

"Mimi bado sijapiga, kaka. Karatasi yako ile pale, nzima."