Mashimo Niliyoziba kwenye Gari la Babu

Ilianza Jumanne saa kumi na nusu alasiri, mvua ilipokatika hapa Nengo. Papa alifungua gari la zamani aliloachiwa na marehemu babu, ambalo Jumamosi lilikuwa limpeleke dada yangu kanisani kufunga ndoa. Akakuta maji chini ya viti.

"Ingia ndani," aliniambia. "Mi namwaga maji inje, we uangalie inapitia wapi."

Wiki iliyotangulia, nikiliosha, nilikuwa nimeona mashimo mawili chini ya kioo cha mbele. Nikajifanya fundi: mvua itaingilia hapa. Nikayaziba kwa vitambaa bila kumwambia mtu, maana mimi hata kusifiwa naona haya.

Sasa maji yakanidondokea miguuni kutoka kwenye kioo. "Ni mpira wa kioo, Papa," nilisema kwa uhakika wote.

Fundi akaitwa. Alipobandua mpira, kioo kikapasuka pembe hadi pembe. Kioo cha namna hiyo hakipatikani tena, hata Goma. Fundi akachungulia chini yake, akachomoa kitambaa kilicholowa.

"Bon. Hii mashimo ndiyo inatoaka maji ya mvua. Mutu aliifunga, maji ikarudi ndani. Ni nani?"

Kitambaa hicho kilikuwa kola ya sare yangu ya zamani ya shule, yenye jina langu alilolishona mama. Papa alilisoma polepole, kama mtu anayesoma msalaba makaburini.

Jioni alimwambia dada kwamba kioo kilijipasukia tu. Asubuhi yake nilimpelekea dada ile kola kitandani, nikalisoma jina langu mwenyewe kwa sauti.