Kimya cha Bi Tomie

Bi Tomie Karasawa alikuwa mke wa muuza tofu, jirani yangu ukuta kwa ukuta, na juu ya duka lao alifundisha wasichana kupiga koto, kinanda chetu kirefu cha nyuzi kumi na tatu. Huku kwetu Iiyama theluji hulala juu ya paa mpaka paa lichoke. Kwanza boriti hulia, kisha hunyamaza, kila mtu nyumbani huinua kichwa, ndipo mzigo wote unaporomoka uani. Bi Tomie alilitungia jambo hilo utunzi wa koto, akahangaika nao miaka. Katikati aliinua mikono kutoka kwenye nyuzi akaacha kimya kirefu. Siku aliponipigia mara ya kwanza nilikuwa namenya figili. Kisu kilinisimama mkononi, nikabana pumzi nikingoja. Kutunga sauti wengi wanaweza. Kutunga kimya ni kazi nyingine.

Sasa, koto zetu zina nyumba zake, ndizo shule za kurithishana ufundi huo, na kila nyumba ina Mkuu wake. Mkuu ndiye anayetoa vyeti vya kufundisha, na mwanafunzi akitunga chochote, adabu ni kumpelekea. Bi Tomie akapanda treni mpaka Kyoto na mtungi wa achari. Mkuu akasikiliza, akasema, "Si vibaya." Mwaka uliofuata utunzi ule ulipigwa kwenye ukumbi mkubwa, mtunzi akitajwa kuwa ni Mkuu mwenyewe. Na kile kimya alikijaza vinoti vya mbio mbio, eti wasikilizaji wasidhani mpigaji kasahau.

"Kakuibia mchana kweupe!" nilimwambia. "Na wewe umekaa tu unachemsha soya!"

"Punguza sauti, shoga. Nikifungua mdomo, nani atawapa wasichana wangu vyeti? Hapa juu ya duka wanaupiga nilivyoutunga. Inanitosha."

Haikumtosha muda mrefu. Mtahini alikuja kutoka Kyoto, na Chinatsu, mwanafunzi aliyewapita wenzake wote, akaupiga utunzi ule mbele yake. Alipofika kwenye kimya, mtahini akagonga mkeka kwa upepeo.

"Umesahau, binti?"

"Hapana. Mwalimu wangu alinifundisha hivi."

Mtahini akamgeukia Bi Tomie, maneno yote asali. "Ah, Mwalimu, huku milimani habari huchelewa. Hebu tupigie alivyotunga Mkuu wetu."

Nilikuwa nimekaa nyuma na akina mama wenzangu. Nilimwomba moyoni aseme. Lakini angesema, Chinatsu angerudi kwao mikono mitupu. Bi Tomie akavaa kucha zake za pembe za kupigia nyuzi, akapiga vinoti vyote vya yule mwizi bila kukosea hata kimoja. Kisha akamgeukia mwanafunzi wake, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Nisamehe. Nilikufundisha makosa."

Chinatsu alifaulu. Leo ana wanafunzi wake mjini Nagano. Bi Tomie alipofariki, Chinatsu alikuja mazishini, akalia mpaka akashindwa kusimama. Baadaye, tukinywa chai, akaniambia, "Mwalimu wangu alikuwa mtu mwema sana. Ule utunzi wa theluji tu ndio hakuwahi kuuelewa."

Nikamwambia yote: paa, achari, Kyoto, wizi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akanishika mkono taratibu.

"Pole, Bibi," alisema. "Najua mlipendana sana."