Wasifu wa Shemeji Gerald

Simu ilimkuta Kerubo jikoni kwake Sharpstown, mtaa wa Houston, Marekani, mikono imejaa unga wa chapati. Ilikuwa sauti ya dada yake, Moraa.

"Gerald ametuacha. Alisinzia kwenye kiti, hakuamka." Moraa akavuta pumzi. "Wasifu utaandika wewe. Wewe ndiwe uliyekuwa ukiongea naye sana."

Kerubo aliosha unga mikononi, akafunga safari.

Njiani kwenda Mansfield, karibu na Dallas, kwa Moraa na mumewe, alijipa moyo. Wasifu wa shemeji haungemshinda. Gerald Thwaite, Mwingereza, inspekta wa polisi mstaafu. Si kila Krismasi alimsimulia jinsi alivyomnasa daktari aliyewapa wagonjwa sumu, na jinsi alivyopigwa risasi begani? Na gari la Kerubo lilipotoweka, si alitoka Mansfield na kijitabu, akawahoji majirani na mlinzi mpaka ikajulikana limevutwa kwa kuegeshwa vibaya?

Mezani kwa Moraa akaandika: *Alitumikia polisi miaka kumi na tisa.*

Moraa aliposoma, kicheko kilimtoka katikati ya machozi. "Kerubo wee! Alikuwa mwigizaji. Alianza kwa kulala kama maiti, akapanda hadi sajini, kisha inspekta wa televisheni miaka hiyo yote. Mchezo ulipokatishwa, hakuna aliyemtaka kwa nafasi nyingine. Alikuja Dallas kuigiza jukwaani, akavunjika nyonga, nikamuuguza hospitalini, tukaoana."

"Na ile risasi?"

"Rangi nyekundu."

"Bega nililoliombea mbele ya kanisa zima?"

"Baridi yabisi, mdogo wangu. Tulidhani unajua."

Kerubo aliketi na kalamu mkononi. Alikuwa akimlilia nani? Mbele ya madhabahu hawezi kusema uongo, na ukweli wenyewe hakujua uanzie wapi. Alifuta mstari, akaurudisha, akaufuta tena.

Siku ya mazishi, kanisani, Mchungaji Elia alimwita mbele. Kerubo alisoma mahali alipozaliwa, kazi ya uigizaji, ndoa. Kisha akaikunja karatasi.

"Mengine aliyonisimulia sijui yalikuwa ya nani. Ninachojua ni kwamba gari langu lilipopotea, alikuja. Mungu ampokee."

"Amina," wakaitikia.

Makaburini wafanyakazi walisubiri watu waondoke ndipo wafukie. Hakuna aliyeondoka. Wanaume wa kanisa waliomba sepetu ili wafukie wenyewe, akina mama wakiimba. Moraa alitupa konzi ya kwanza ya udongo, Kerubo ya pili, kisha wanaume wakafukia. Waliweka maua, Mchungaji akafunga kwa sala, wakarudi nyumbani kula.