Kaburi la Baba na Kituo cha Reli

Kikao cha kukusanya maoni kuhusu kituo kipya cha reli kilifanyika Waithaka, katika ukumbi wa kanisa letu. Kilianza kwa maombi marefu, kama kila jambo la huku kwetu, kisha afisa wa mradi akabandika ramani ukutani. Kituo kingejengwa ama upande wa juu wa barabara, ama upande wa chini. Juu ni kwetu. Chini ni kwa jirani, mama mjane kutoka Kitui aliyenilea nusu ya utoto wangu, maana mama yangu alikuwa akishinda sokoni akiuza mboga.

Mimi ni mtu wa ofisi, kule Upper Hill, na ramani nazisoma kila wiki. Nilielewa mara moja kwamba kituo kikitoka kwetu kinaenda kwake, na hakuna mahali pa tatu. Wengi ukumbini waliona rangi tu, naye jirani alikuwa amesahau miwani nyumbani.

Nikasimama. Nikipandwa na hasira huwa nasema vizuri, afadhali nikiri sifa hiyo mwenyewe. Nilieleza kwamba baba amezikwa nyuma ya nyumba, karibu na ua wa miiba ya kayaba, na kwamba hatutakubali afukuliwe ili watu wapate mahali pa kungojea treni. Afisa akaandika, akasema makaburi huleta shida nyingi na ni heri kuyaepuka.

Hapo jirani akainuka.

"Huyo mzee alikuwa mtu mzuri," akasema. "Mumuache alale. Mimi naunga mkono."

Watu wakapiga makofi. Ningeweza kumwambia palepale, "Mama, keti, unatoa boma lako." Sikumwambia. Nilimshika mkono nikamshukuru, na kikao kilipokwisha tukanywa soda za mradi pamoja, yeye akinisimulia vile baba alivyopenda mzaha.

Baadaye watu wa kupima ardhi walikuja wakapaka alama nyekundu kwenye lango lake. Aliniita nimwambie ni ya nini, nikamwambia.

"Sasa mimi nitaenda wapi?" akauliza. Hakuwa akinilaumu. Alidhani kweli nina jibu, mimi niliyesoma. Tangu siku hiyo naona aibu hata kupita mbele ya lango lile, na bado sina njia nyingine ya kufika nyumbani.

"Wewe unajua kuongea," akaniambia. "Kikao ingine uniongelee vile uliongelea babako."

Kikao kingine kilipoitishwa nilikwenda naye, akiwa amevaa nguo ya Jumapili. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba nitatamka mbele ya watu wote kuwa siku ile niliielewa ramani na nikanyamaza. Nilisimama nikasema mengi: kwamba ameishi hapa tangu sijazaliwa, kwamba ile miparachichi ya bomani kwake aliipanda kwa mikono yake, kwamba nusu ya watoto wa mtaa tumekula kwake. Nilisema yote isipokuwa lile nililoapa. Afisa alinisikiliza kwa adabu, kalamu imelala mezani.

"Pole sana," akasema. "Na huko chini, kuna kaburi?"

Mume wa jirani alirudishwa Kitui akazikwa kwao, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Jirani akajibu mwenyewe, bila kuinuka.

"Kaburi hakuna. Ni mimi tu niko huko, na sijakufa."

Afisa akaichukua kalamu, akaandika: hakuna.