Bi Mashavu na Vioo vya Mumewe

Jirani yangu anauza helmeti za pikipiki, na kwa hulka aliyo nayo angefaa auze kitu kisichohitaji wateja. Mtu anaingia na pesa mkononi, amekwisha penda rangi, amekwisha jiona shujaa, halafu yeye anamwambia, "Vua. Hiyo si yako." Wala hainui macho. Duka lenyewe ni chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa mbao, upande huu mimi na cherehani yangu ya miguu, upande ule yeye na helmeti zake. Mbao haizuii maneno. Kwa hiyo nimeyasikia yote, hata ambayo ningependa yanipite.

Jina la Bi Mashavu alipachikwa na madereva wa kijiwe kilicho mbele yetu. Yeye mwenyewe mashavu hana, uso umemkauka tangu usichana, lakini ukinunua helmeti kwake ni lazima uusikie wimbo wake. Kwanza anagonga mbao. "Fundi, niazime futi." Nampitishia futi yangu kwa juu, anamzungushia mteja kichwani, juu kidogo ya nyusi. Kisha anamvisha. Kisha anauliza, "Mashavu?" Mteja akisema yako huru, yuko vizuri, ananyang'anywa. Anataka sponji ziyabane mashavu mpaka ukijaribu kutafuna unajing'ata. "Hizi zitalegea. Ikikutosha leo, mwezi ujao itakuwa sufuria." Halafu anaishika helmeti kwa mikono miwili na kuizungusha. Ngozi ya paji ikizunguka nayo, sawa. Helmeti ikizunguka peke yake, basi, vua. Na ukifaulu hapo hujamaliza, utakaa nayo kichwani huku yeye akihudumia wengine, jasho likikutoka, ili aone kama kuna mahali panauma. Pakiuma sehemu moja tu ya paji, anasema kichwa chako ni kirefu na hiyo imetengenezwa kwa vichwa vya duara, haidhuru saizi ni ileile.

Mwisho kabisa ni kioo cha mbele. Hapokei pesa mpaka mteja akitoe kioo na kukirudisha kwa mikono yake mwenyewe. Kuna helmeti ambazo ni lazima ushike bisibisi, na kuna ambazo unabonyeza kitufe tu pembeni, kioo kinachomoka, unapachika kingine, kinalia tak, umemaliza. Hizo za bisibisi anaziuza kwa shingo upande. "Kioo kikikwaruzika utasema nitabadilisha Jumapili. Jumapili utalala. Sasa utaendesha na mikwaruzo hiyo mpaka lini?" Wengine humjibu kwamba wamekuja kununua, si kusomeshwa. Anawaonyesha mlango.

Uongo hauwezi. Si kwamba hataki, hauwezi, kama wengine wasivyoweza kupiga mluzi. Siku moja mteja wangu alikuwa anajigeuzageuza na gauni jipya, akamuuliza pale mlangoni, "Mama, nimependeza?" Akajibiwa, "Bega la kushoto limevuta." Gauni langu! Nilimnunia siku kadhaa. Lakini bega lilikuwa limevuta kweli, nikalifumua.

Mumewe sote tulimwita Dereva, utadhani kijiwe kizima hakina dereva mwingine. Alikuwa mtu wa mizaha, mabega mapana, akibeba abiria na vifurushi, na ni pikipiki hiyo iliyozaa duka la helmeti. Kila asubuhi alimleta mkewe. Bi Mashavu alishuka, akazunguka mbele, akampangusia kioo kwa ncha ya mtandio wake, kwa kukipumulia kwanza. Dereva alisema, "Ehee! Sasa naona mpaka ng'ambo ya pili." Mkewe alimjibu, "Ona barabara tu." Kisha Dereva aliondoka zake. Niliyasikia hayo kila asubuhi na sikuyachoka, ingawa nilijifanya nimeyachoka.

Malalamiko yalianza kidogo kidogo. Kioo kina ukungu. Bi Mashavu akampa kipya. Baada ya muda, hiki nacho kimefifia, hawa watu siku hizi wanatengeneza takataka. Akapewa kingine. Kisha helmeti yenyewe ikawa na lawama: tundu lake limebana, linamziba pembeni, haoni vitu mpaka vimfike. Siku moja alimgonga kwa pikipiki mdoli wangu ninayemvalisha nguo mlangoni, mdoli akaanguka kifudifudi. Dereva akashuka haraka, akamwinua kwa heshima zote, "Samahani dada, samahani sana, umeumia?" Tulicheka mpaka tukashikana mbavu. Yeye pia alicheka, tena akaongeza chumvi, akamwomba namba ya simu. Nilidhani ni mzaha tangu mwanzo mpaka mwisho. Siku hizi sina hakika alianza kutania wakati gani.

Vile vioo alivyovikataa Dereva, mkewe alivitundika kwenye msumari, kwa ajili ya madereva wasio na uwezo. Walivigombania. Mmoja wao alikivaa kimoja palepale, akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Bi Mashavu, hiki unakigawa bure kwa nini? Hiki ni kipya kabisa."

"Kina ukungu."

"Ukungu uko wapi, mama?"

Bi Mashavu akakichukua, akakiinua juani, akakirudisha msumarini.

Jioni hiyo alinijia na helmeti mkononi, amepachika kioo kimojawapo kutoka msumarini. "Vaa, fundi. Tazama ng'ambo. Unaona nini?" Nikavaa. Nikamsomea maandishi ya lori lililoegeshwa, nikamsomea na tangazo dogo la mafundi rangi lililobandikwa kwenye nguzo. Akabadilisha kioo, nikasoma tena. Akabadilisha. Vyote vilikuwa safi kama maji. Nilipovua nikamkuta amekaa kwenye kigoda changu, mikono mapajani.

"Hata mimi naona," alisema. "Nimevijaribu vyote. Nilitaka wewe uniambie nimekosea."

"Mpeleke hospitali, shoga."

"Nimwambieje? Kwamba si kioo? Pikipiki ndiyo yeye mwenyewe. Nikimwambia, namshusha leo leo." Akafuta uso kwa mtandio. "Nisipomwambia, ataua mtu. Au atakufa yeye. Kila simu ikilia nadhani ndiyo hiyo."

Mwanamke anayewaambia watu baki kwamba vichwa vyao ni virefu! Neno moja tu likamshinda kulitoa kwa mumewe. Mimi sikumcheka. Nilimchemshia chai akainywa ikiwa moto vile vile, bila kuipuliza.

Akaamua kuagiza helmeti nzuri kuliko zote alizowahi kuuza, tundu pana mpaka usawa wa masikio, kioo cha kitufe kilichopakwa dawa kisishike ukungu. Alisema ni ili Dereva asiwe na kisingizio tena. Lakini nilimjua. Alikuwa anaomba Mungu kosa liwe la helmeti. Alitaka mumewe avae, aseme "Ehee, sasa naona," na yeye awe mjinga mbele ya kila mtu. Angeufurahia ujinga huo maisha yake yote.

Ilipofika, Dereva aliitwa dukani asubuhi, kabla ya kazi. Niliacha kushona nikasimama mlangoni. Mbao ikagongwa hata hivyo, kwa mazoea. "Futi." Nikampa mkononi.

Alimpima kama alivyompima kila mtu. Akamvisha, akamfunga mkanda wa kidevu, akapitisha vidole chini yake.

"Mashavu?"

"Yamebanwa kama siku ya kwanza kukubusu."

"Huna adabu. Fundi yupo hapo."

"Fundi ni mtu mzima."

Akaizungusha, na paji likazunguka nayo. Ilimkaa ajabu. Kisha akamwonyesha kile kitufe cha pembeni, akakibonyeza, na kioo kikachomoka mkononi mwa mkewe bila kelele. Alikuwa anakigeuza aupanguse upande wa ndani kwa mtandio, kama kawaida yake, kabla ya kukirudisha. Dereva wakati huo alikuwa amekwisha geukia barabarani kuijaribu. Hakumngoja.

"Tundu ni pana, mama, nimeipenda," alisema. Akakodoa macho barabarani. "Lakini hiki kioo... Hiki nacho kina ukungu uleule. Wamekuibia."

Bi Mashavu hakusogea. Kioo alikuwa nacho yeye, kimebanwa kifuani ndani ya mtandio. Nilitaka kusema kitu, chochote, hata niseme moto unawaka. Dereva akatoa kitambaa mfukoni, akainua mkono afute. Mkono ukapita. Kitambaa kikamgusa kwenye kope.

Akakiondoa. Akanyosha vidole polepole, akapapasa pale ambapo kioo kingekuwa, akayagusa macho yake, kwanza la kulia, kisha la kushoto.

"Kioo kiko wapi?" aliuliza.

"Ninacho mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipogeuka, baba."

Pale barabarani watu walipita na shughuli zao. Mtu mmoja alipiga honi kumwita Dereva, awahi, kuna abiria. Dereva alisimama palepale na helmeti yake mpya kichwani, uso ameuelekeza kwa mkewe.

"Kwa hiyo vile vyote," alisema.

"Vilikuwa vizima."

"Na ulijua."

"Nilijua. Nilishindwa kukuambia." Akalia kwa sauti, Bi Mashavu, kilio cha msibani, mchana kweupe, mbele ya kijiwe kizima. Dereva akamshika kichwa, akakilaza kwenye koti lake, wakabaki hivyo. Kisha akatoa ufunguo wa pikipiki mfukoni. Akautafuta mkono wa mkewe, akaweka ufunguo humo na kumfunga vidole kimoja kimoja.

Hospitali walisema ni presha ya macho. Haiumi, ndiyo maana watu hawajui, inakula kutoka pembeni kuja katikati. Kilichokwisha liwa hakirudi. Walimpa matone ya kuchelewesha kilichobaki, na Bi Mashavu alimdondoshea kwa wakati bila kukosa, lakini matone hayakuchelewesha sana. Pikipiki ikanunuliwa na dereva mmoja wa palepale kijiweni. Kila ikiwashwa, Dereva aligeuza kichwa kuielekea, mpaka yule aliyeinunua akaona aibu, akawa anaisukuma hadi kona ndipo aiwashe.

Kwa hiyo sasa anashinda dukani, kwenye kigoda, kati ya helmeti. Mzaha haujamwisha kabisa ila umepungua. Wanakuja kwa miguu siku hizi, amemshika mkewe begani. Asubuhi sisikii tena mtu akiona ng'ambo ya pili. Bi Mashavu anawapima watu kama zamani na kuwavua kama zamani, na bado hawezi uongo. Nilidhani hawezi.

Jana, jua lilipozama, taa zilikuwa zimewashwa barabara nzima. Taa ya kwake ilikuwa inawaka juu kabisa ya kichwa cha mumewe, na yangu inawaka, na redio yangu inasoma matangazo ya vifo. Kulikuwa na mteja anajaribu helmeti. Nikamsikia Dereva akiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, umeme umekatika?"

Nikachungulia. Bi Mashavu alikuwa anaitazama taa, kisha akamtazama mumewe, kisha taa tena. Mteja akafungua mdomo, akakatwa jicho na Bi Mashavu, akaufunga.

"Ndiyo," alisema Bi Mashavu. "Umekatika, baba." Akanyosha mkono ukutani, akaizima.

"Nilidhani ni mimi," Dereva alisema, na nilisikia jinsi alivyoshusha pumzi. Halafu akauliza, "Na kwa fundi pia?"

Bi Mashavu akageukia mbao. Hilo la pili lingekuwa uongo mtupu, maana taa yangu ilikuwa bado inawaka, naye alikuwa amesimama gizani akiningojea. Nikazima redio. Nikainuka kwenye cherehani, gauni la watu likiwa bado chini ya sindano, nikaizima na taa yangu.

"Hata kwa fundi," alisema Bi Mashavu.