Nilimtembeza Bukoba nikijua anapelekwa kuolewa

Admin, ficha jina langu, watoto wangu wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, mjane, mkulima wa kahawa huku Karagwe. Nina jambo la mwanzoni mwa miaka ya tisini ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata padri.

Nilikuwa na rafiki, nimwite Domina. Kwao ni Nyakasimbi, kwetu Ihanda, tulijuana kwenye kwaya ya kigango. Tulipofika miaka kumi na tisa, baba yake akamwambia amepata nafasi ya kusomea uuguzi Ubelgiji, atakaa kwa ndugu zao. Domina alilia kwa furaha. Wiki ileile mama yangu alirudi kutoka kupika kwao, akaniita shambani. "Mwanangu, hakuna shule. Leo tumepokea watu wa mwanaume. Yuko hukohuko Ulaya, kafiwa na mke, ni rika la baba yake. Binti hajui. Ya nyumba ya watu usiyatie mdomoni."

Siku chache baadaye baba yake Domina mwenyewe akaja kwetu. Nikampa shikamoo. Akasema, "Msindikize mwenzako Bukoba akanunue sanduku na nguo. Tembeeni, afurahi. Wewe anakusikiliza." Akaniangalia mpaka nikainamisha macho. Nikajua anajua kwamba najua.

Tulilala Hamugembe kwa mama mdogo, tukazunguka mji siku mbili kwa miguu. Domina alitaka kuona kila mtaa. Bilele sokoni tulikula senene, wale panzi wa kukaanga, kwenye karatasi, Miembeni akasimama kusoma vibao vya maduka kwa sauti kama mtoto. Kule Kashai aliona nyumba ina chumba cha kupanga, akamuuliza mwenye nyumba bei, eti ajiandae. "Nikirudi nesi nitakaa hapa. Wewe utaweka cherehani barazani. Mume wako atatuvumilia!" Tulicheka, mimi nikiangalia pembeni.

Jioni ya pili tulikaa ufukweni tumechoka, viatu mkononi. Akaniuliza, "Mbona tangu jana huniangalii? Kuna kitu umesikia?" Wapendwa, hapo ndipo palikuwa mahali pa kumwambia. Mjomba wake alikuwa anaishi Rwamishenye, si mbali, angeweza kukimbilia kwake. Nikamjibu, "Nitakukumbuka tu." Akanikumbatia. Akanibembeleza mimi!

Aliondoka kupitia Uganda. Barua ilikuja moja tu, mistari minne: hakuna shule, nimeolewa, niombee, wasalimie kwaya. Nilishindwa kuijibu. Nilianza mara nyingi, nikachana. Baadaye nikaolewa, nikazaa, nikamzika mume wangu, na kila nikienda Bukoba nilikwepa kupita Kashai.

Mwezi uliopita simu iliita, namba ya nje. Nikaitambua sauti palepale. Amepata namba yangu kwa wanakwaya. Tuliongea saa nzima, akanisimulia aliyoyapata kwa yule mwanaume, mengine siwezi kuyaandika hapa. Alimtoroka akiwa na watoto wawili, akajisomesha mwenyewe. Kwao hataki hata kusikia. "Baba alijua, mama alijua, shangazi zangu walijua," akasema. "Nilipokuwa nataka kujiua, nilikuwa nakumbuka zile siku mbili za Bukoba. Nilikuwa najiambia, yupo mtu mmoja tu ambaye hakunidanganya." Nikasingizia mtandao unakatika.

Anakuja Desemba. Hatafikia kwao, anasema atafikia kwangu, na ameomba twende tena Bukoba wawili tu. Wanangu wameshaanza kupaka chokaa chumba cha mgeni. Mimi silali. Nikimwambia, namnyang'anya kile kimoja kilichomshika hai. Nikinyamaza, nitamlisha na kumlaza nikiendelea kumdanganya, na mama yangu aliyenikataza ameshafariki, siwezi hata kumsukumia lawama.

Ninyi mliowahi kubeba kitu cha namna hii, nisaidieni: nimwambie, au nife nacho?