Ndizi Si Pombe, Alisema Babu

Enzi zetu pale mtaani Shanwe pombe haikuwa na lebo, na hata ingekuwa nayo, wanywaji wengi wangeishika kichwa chini miguu juu. Uliijua kwa pua. Ya mtama ilinukia uji uliosahauliwa, ya asali ilinukia msitu baada ya mvua. Siku mama jirani alipochuja yake, sisi watoto tulijazana mlangoni kwake, kila mmoja na jani lake la mgomba, tugawiwe machicha. Tuliyala kabla ya kwenda shule. Mwalimu wa darasa la tatu hakuhitaji kuuliza kama mtaani kumechujwa pombe. Alituona tu tukilicheka jedwali la saba. Leo mwanangu akitaka biskuti nasoma kwanza viungo vyote nyuma ya pakiti. Kwa mtu aliyelelewa na machicha, huo ni woga wa kujitakia.

Babu yangu alikuwa Mkonongo, mwenye mizinga ya nyuki porini na maoni juu ya kila kitu. Kwake pombe ilikuwa moja duniani, nayo ni wanzuki, pombe ya asali. Nyingine zote alizinywa bila kinyongo, ila hakukubali kuziita pombe. Bia ya chupa aliiita maji ya ofisini. Ya mtama ilikuwa chakula cha jioni.

Ukaidi huo ulichekesha mpaka siku ya Shangazi Veronika, mdogo wake baba. Shangazi alikuwa fundi cherehani, mkimya, na alikuwa amempenda Deo, mkulima kijana wa Katumba ambaye wazee wake walitoka Burundi. Sasa nyumbani kwetu posa haikuanza na maneno. Upande wa mume ulileta pombe, baba wa binti akaonja. Akisema "hii ni pombe," mazungumzo yalifunguliwa. Asiposema, wageni walipewa maji ya kunywa na kuonyeshwa njia. Babu alikuwa ameshamrudisha mchumba mmoja kwa mtindo huo, na yule bwana hakuonekana tena. Shangazi hakuwa tayari kumpoteza na huyu.

Deo alikuja na mjomba wake, kila mmoja na baiskeli yake, na nyuma ya kila baiskeli dumu la njano. Sisi wajukuu tulikuwa tumekaa juu ya gogo, tumeoga bila kulazimishwa. Babu alifungua dumu, akanusa.

"Hii nini?"

"Ni urwarwa, mzee," alisema mjomba. "Pombe ya ndizi."

"Ndizi si pombe. Ndizi ni tunda."

"Na asali je, mzee? Si mboga ya nyuki?"

Bibi alikohoa ili asicheke. Babu, kwa kuwa alijiona mtu wa haki, akaita majirani wawili waje kuamua: Mfipa wa nyumba ya pili na Msukuma wa ng'ambo ya barabara. Mjomba akaimimina pombe yake chunguni, akawagawia mirija mirefu, kama ilivyo desturi ya kwao. Babu akaukataa wake.

"Mtu mzima hanyonyi."

"Anyonyaye haoni mwisho wa chungu, mzee. Anywaye kwa kata anauona mapema."

Hoja ile ilimwingia Babu. Akachukua mrija.

Mfipa alivuta kidogo, akafumba macho, akasema pombe isiyo na ulezi ni matunda yaliyokasirika. Msukuma alisema pombe halisi lazima iwe nzito, kijiko kisimame chenyewe. Mfipa akamwambia basi kwao wanakula pombe na kunywa ugali. Wakatukanana kwa upendo, kama watani, na kila tusi lilihitaji kuonja upya ili lisemwe kwa uhakika. Dumu la kwanza likaisha. Deo alikuwa anatazama mlango wa jikoni, na mlango wa jikoni ulikuwa unamtazama yeye.

Dumu la pili lilipokauka, Bibi akauliza, "Haya, nyie wazee mmeamuaje?"

"Bado tunachunguza," alisema Babu.

"Mnachunguza nini na hamna kitu?"

"Basi nimeshaamua. Ni juisi."

Mjomba akainama, akaanza kukusanya mirija yake. Hapo Shangazi Veronika akatoka jikoni. Sikuwahi kumsikia akimjibu baba yake, kabla ya siku ile wala baada.

"Sawa, baba. Kama ni juisi, simama uwasindikize wageni mpaka barabarani."

Babu akashika kigoda, akanyanyuka nusu, akarudi chini. Msukuma akamsaidia, wote wawili wakaketi kwenye kigoda kimoja. Babu akatutazama, sisi na ukoo wake wote, kwa heshima kubwa.

"Miguu imekubali," alisema. "Mimi mwenyewe bado."

Bibi alipiga kigelegele kabla Babu hajakata rufaa.

Mpaka anazikwa, Babu hakukiita kitu kile pombe. Kila Krismasi Deo alileta dumu, na Babu aliomba "ile juisi ya mkwe," kisha akapelekwa kitandani na watu wawili.

Likizo iliyopita wana wa Deo na Shangazi walinipeleka baa moja ya mtaa wa Kashaulili. Vijana wazuri, wana ndevu zilizochongwa. Mmoja alizungusha glasi, akanusa, akasema anasikia harufu ya machungwa na ngozi ya kiti. Mwenzake akamkosoa: bia halisi ni shayiri, maji, hamira na ua fulani chungu kutoka Ulaya, basi. Nikawauliza juu ya ndizi za baba yao. Wakanitazama kwa huruma. "Hiyo siyo bia, dada. Ni pombe ya kienyeji." Mimi, niliyekaa chuo kikuu muhula mzima nikijadili neno "uhalisia," nilinusa glasi yangu. Ilinukia glasi.

Sikuwaambia kwamba wapo duniani kwa sababu wazee watatu walishindwa kulijibu swali hilohilo. Wao walilijibu vizuri, kwa hoja na picha za kwenye simu, mpaka baa ikafungwa. Kisha kila mmoja akalipa yake, akaenda kwake. Hakuna aliyeoa.